Mafahali Wawili Katika Zizi Moja
Habari za viwanja vya ndege vya Kindu na Goma

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini katika nchi nyingi za dunia, na hasa katika nchi yetu ya Kongo, liko zizi ambamo mafahali wawili wamekaa miaka mingi, mara kwa amani, mara kwa kuumizana. Zizi hilo ni kiwanja cha ndege. Fahali wa kwanza ni jeshi. Wa pili ni raia: mfanyabiashara, mgonjwa, mwanafunzi, mama mwenye mtoto mgongoni. Wote wawili hutumia njia ile ile ya kurukia na kutua, mnara ule ule wa kuongozea ndege, na mara nyingi hata mafuta ya ghala lile lile.

Sisi watu wa Maniema twajua thamani ya ndege kuliko wengi. Ni kweli, reli ya kutoka Kindu ilifika Kongolo tangu mwaka 1910, na mto Lualaba wapitika kwa mashua kuanzia Kindu hadi Ubundu. Lakini atakaye kwenda upande wa mashariki, Bukavu au Goma, hukutana na msitu, mito na milima. Hata kutoka Kalima hadi Kindu, safari ya kilometa kama mia moja, mvua ikizidi dereva haahidi siku ya kufika. Ndiyo maana Kalima nayo ilipata kiwanja chake cha ndege, ingawa ni mji mdogo uliokua kwa sababu ya bati la kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932 na kuunganishwa na nyingine mwaka 1976 chini ya jina la Sominki. Kwetu ndege si anasa ya tajiri. Ndiyo barabara yenyewe.

Basi swali letu ni hili: Je, kiwanja kimoja chaweza kuwatumikia askari na raia bila raia kupata hasara? Tutatafuta jibu katika historia ya viwanja viwili. Cha kwanza ni Kindu, kando ya Lualaba, kwenye kimo cha karibu meta 500 juu ya usawa wa bahari. Cha pili ni Goma, chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo, kwenye kimo cha meta 1,500 na zaidi. Tutaona kwamba mambo ya viwanja hivi viwili yamefungamana kuliko watu wanavyodhani.

Kindu, tarehe 11 Novemba 1961

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ikajitenga chini ya Moïse Tshombe, na nchi ikaanza kupasuka vipande. Umoja wa Mataifa ulileta askari wa mataifa mengi ili kutuliza fujo. Lakini askari hula, huugua, huhitaji barua na risasi. Nao walikuwa wametawanyika katika nchi kubwa isiyo na barabara za kutosha. Hapakuwa na njia nyingine ila ndege. Italia ilitoa ndege za mizigo aina ya C-119, zenye injini mbili na tumbo pana kama sanduku, pamoja na marubani wa kikosi cha 46 cha jeshi lake la anga, ambacho makao yake ni Pisa.

Jumamosi tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za kikosi hicho ziliruka kutoka kambi ya Kamina, zikatua Kindu. Wakubwa wake walikuwa Meja Amedeo Parmeggiani na Kapteni Giorgio Gonelli. Walikuwa watu 13 kwa jumla, na mmoja wao alikuwa daktari. Hawakuja kupigana. Walileta mahitaji ya askari wachache wa Umoja wa Mataifa waliokilinda kiwanja, waliotoka nchi ambayo leo yaitwa Malaysia. Walipomaliza kutua wakaenda kula chakula cha mchana katika nyumba ya maofisa, umbali wa kilometa moja hivi.

Mjini kulikuwa na kikosi kikubwa cha askari wa Kongo waliotoka upande wa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakielekea vita vya Katanga. Askari hao waliogopa ndege. Walijua kwamba Tshombe ana ndege za kivita na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya, na kila siku ilivuma habari kwamba askari wa mwavuli wa Kibelgiji watashuka. Walipoona ndege mbili za kijeshi zikitua, na wazungu wenye sare wakishuka, hawakuuliza mengi. Waliizingira ile nyumba, wakawakamata Waitalia, wakawapiga. Wote 13 wakauawa. Mwezi wa Februari 1962 miili yao ilipatikana katika makaburi ya Tokolote, karibu na Kindu, na mwezi wa Machi ikazikwa Pisa.

Uovu ule hauna udhuru. Mtu aliyekamatwa, asiye na silaha, hauawi kwa sheria yoyote ya vita. Lakini atakaye kujifunza historia hana budi kuuliza pia: kosa lilipata wapi mlango wa kuingilia? Lilipata mlango pale kiwanjani. Ndege iliyoleta msaada na ndege iliyoleta vita zilifanana kwa umbo, zilitua mahali pamoja, na watu waliotoka ndani yake walivaa nguo za namna moja. Wenyeji wa mji hawakuwa na njia ya kupambanua.

Hapa kuna jambo la kustaajabisha. Uwanja wa Pisa, walikotoka marehemu hao, ni wa kazi mbili vilevile. Kikosi cha 46 kina kambi yake hapo, na papo hapo hushuka watalii waendao kuutazama mnara ulioinama. Askari wana upande wao na majengo yao. Abiria wana upande wao na mlango wao. Na kila mmoja ajua sheria ya zamu. Kwa hiyo methali yetu si kweli mahali pote. Mafahali wawili waweza kukaa zizi moja, ikiwa zizi lina boma katikati na mchungaji mmoja.

Hewa nyepesi ya mlimani

Kabla ya kupanda kwenda Goma, tueleze jambo moja ambalo abiria wengi hawalijui. Kiwanja cha mlimani si sawa na kiwanja cha pwani.

Ndege hushikwa na hewa kama mtumbwi unavyoshikwa na maji. Hewa ya pwani ni nzito. Kadiri tunavyopanda juu ndivyo inavyopungua uzito. Na hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Kwenye kimo cha meta 1,500, mchana wenye joto la digrii 25, hewa imepungua karibu sehemu moja katika tano ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya pwani. Hapo mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua, na injini nayo hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Rubani hana budi kukimbiza ndege kwa mwendo mkali zaidi na kwa umbali mrefu zaidi kabla haijaiacha ardhi. Na akitaka kutua, hugusa ardhi kwa mwendo mkali zaidi, kwa hiyo huhitaji umbali mrefu zaidi wa kusimama.

Wahandisi wana kanuni nyepesi ya makadirio. Kwa kila meta 300 za kimo, huongeza urefu wa njia kwa sehemu 7 katika mia; kisha kwa kila digrii moja ya joto iliyozidi joto la kawaida la kimo kile, huongeza sehemu 1 katika mia. Tuchukue ndege ihitajiyo meta 2,000 pwani. Katika kimo cha meta 1,500 tutaongeza sehemu 35 katika mia, tupate meta 2,700. Joto la kawaida la kimo hicho ni digrii 5. Ikiwa mchana ni digrii 25, tutaongeza tena sehemu 20 katika mia, tufike meta 3,240. Ndege ni ile ile, mzigo ni ule ule, bali njia imezidi kwa kilometa moja na robo.

Kama njia haiwezi kurefushwa, dawa ni moja tu: kupunguza mzigo. Na hapa ndipo ugomvi wa mafahali wawili unapokuwa mkali. Kwenye kiwanja cha pwani chenye njia ndefu, mkubwa wa jeshi akisema, "Pakia makasha kumi zaidi," huenda ndege ikaruka salama. Mlimani neno hilo hilo laweza kuua. Hewa haimjui jenerali wala tajiri.

Nairobi iliijua taabu hii mapema. Mji ule uko kwenye kimo cha zaidi ya meta 1,600. Katika miaka ya 1940 na 1950 uwanja wa Eastleigh ulikuwa kambi ya jeshi la anga la Waingereza, na papo hapo ulikuwa mlango wa abiria waliotoka Ulaya. Ndege zilipokua na kuongezeka, uwanja ukawabana wote wawili. Basi serikali ya wakati ule ikaamua kuwatenga: tarehe 9 Mei 1958 uwanja mpya wa Embakasi ukafunguliwa kwa ajili ya raia, na Eastleigh ikaachiwa jeshi. Tusisahau kwamba Embakasi ilijengwa kwa jasho la wafungwa waliokamatwa wakati wa Mau Mau. Raia waliopata uwanja wao hawakuupata bure. Lakini kutenganisha kwahitaji fedha nyingi na ardhi tambarare, navyo viwili ni haba katika milima ya Kivu. Goma ilibaki na zizi moja.

Goma, mwaka 1994

Mji wa Goma umebanwa. Kusini kuna ziwa Kivu, mashariki kuna mpaka wa Rwanda, kaskazini kuna Nyiragongo. Kiwanja chake kimewekwa katikati, kikitoka upande wa mlima kuelekea mjini. Hapo zamani njia yake ilikuwa na urefu wa meta 3,000. Tukikumbuka hesabu yetu ya hapo juu, twaona kwamba urefu huo haukuwa fahari, ulikuwa haja.

Mwishoni mwa Juni 1994 askari wa Ufaransa, kwa ruhusa ya Umoja wa Mataifa, walikitumia kiwanja hicho kuingia Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yameangamiza Watutsi. Katikati ya Julai, katika siku chache tu, wakimbizi zaidi ya laki nane walivuka mpaka wakaingia Goma na vijiji vyake. Ardhi ile ni mawe ya volkeno; kuchimba kisima ni taabu, na hata kuchimba kaburi ni taabu. Kipindupindu kikaingia kambini, kikaua watu kwa maelfu ya maelfu.

Wakati huo kiwanja kilifanya kazi ambayo hakuna barabara ingeweza kuifanya. Ndege za majeshi zilishusha dawa, mahema na mitambo ya kusafishia maji. Ndege za mashirika ya msaada zilileta madaktari. Hapa jeshi na raia walishirikiana katika njia moja, na watu wengi wakapona kwa sababu hiyo. Twalitaja jambo hili kwa haki, maana asiwepo msomaji atakayedhani kwamba askari kiwanjani ni balaa siku zote. Ndege kubwa ya kijeshi ndiyo mara nyingi iwezayo kubeba kile ambacho ndege ya abiria haiwezi.

Siku sitini na saba

Miaka minne baadaye kiwanja kile kile kikatumiwa kwa jambo la namna nyingine. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vya Kongo vilianza katika Kivu. Siku mbili baadaye, tarehe 4 Agosti, ndege za makampuni ya raia zilizokuwa Goma zilikamatwa kwa nguvu. James Kabarebe, afisa wa Rwanda ambaye mpaka mwezi wa Julai alikuwa mkuu wa jeshi la Kongo, aliwapakia askari ndani yake na kuruka nao mpaka Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki, safari ya karibu kilometa 1,900 juu ya msitu wote wa Kongo. Ndege zilizozoea kubeba abiria na magunia zikawa magari ya vita.

Watu wengi wa mambo ya vita wameisifu safari ile kwa ujasiri wake. Sisi tuitazame kwa jicho la abiria. Tangu siku ile, ni nani ambaye angeitazama ndege ya raia angani na kuamini kwamba imebeba raia?

Jibu lilikuja Kindu. Katika miezi ile Kindu ilikuwa kambi kubwa ya serikali upande wa mashariki. Ndege zilileta askari na silaha mfululizo, na zilipoondoka zilichukua watu wanaokimbia. Tarehe 10 Oktoba 1998 ndege ya abiria aina ya Boeing 727 iliruka kutoka Kindu. Haikufika mbali. Ilipigwa kombora kutoka ardhini, ikaanguka msituni, na watu wote 41 waliokuwamo wakafa. Waasi walikubali kwamba ndio walioitungua, wakadai kwamba ilikuwa ndege ya kusafirisha askari. Upande wa serikali ulisema kwamba ndani yake walikuwamo raia, wanawake na watoto, wakivikimbia vita. Siku chache baadaye Kindu ikatekwa.

Tangu Kitona hadi Kindu ni siku 67. Hatusemi kwamba kosa la kwanza linalihalalisha la pili. Hata kidogo. Tena mataifa yalikuwa yameandika sheria. Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944 yalitenga ndege za serikali, kama zile za jeshi na polisi, na ndege za raia. Mwaka 1984, baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa, yaliongezewa neno linalokataza kutumia silaha juu ya ndege ya raia iliyo angani. Neno hilo lilianza kuwa na nguvu ya sheria tarehe 1 Oktoba 1998. Siku tisa baadaye raia walianguka Kindu.

Sheria ilikuwapo; alama ndiyo iliyokuwa imefutwa. Mwenye kumvika askari nguo ya raia humvua raia ngao yake. Mwaka 1961 ndege ya msaada iliuawa kwa sababu ilifanana na ndege ya vita. Mwaka 1998 ndege ya raia iliuawa kwa sababu ndege za raia zilikuwa zimezoezwa vita. Mji ulikuwa ule ule, na kiwanja kilikuwa kile kile.

Mlima ukashuka

Turudi Goma. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Moto wa mawe yaliyoyeyuka uliteremka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulipita pia kiwanjani. Karibu theluthi ya njia ya ndege, upande wa kaskazini, ilifunikwa, na jengo la abiria pamoja na mahali pa kuegesha ndege vikatengwa na njia iliyobaki. Zilisalia meta 2,000 hivi.

Sasa tufanye ile hesabu kinyume. Njia ya meta 2,000 katika kimo cha Goma, mchana wa joto, ina faida ya njia ya meta 1,200 na kitu iliyo pwani. Na kwa miaka mingi, juu ya njia hiyo iliyokatwa, zilipita ndege za jeshi la serikali, ndege za Umoja wa Mataifa, ndege za mashirika ya msaada, ndege za mizigo na ndege za abiria. Mlima ulikuwa umechukua kaskazini; kusini, mitaa ya watu ilikuwa imefika karibu kabisa na mwisho wa njia. Hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Tarehe 15 Aprili 2008, siku ya mvua, ndege ya abiria aina ya DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilianza mbio kuelekea Kisangani. Haikuinuka, wala haikuweza kusimama kabla ya mwisho wa njia. Ilivuka kiwanja ikaingia katika mtaa wa Birere, penye maduka na soko, ikawaka. Watu kama 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wanauza, wananunua, au wamekaa nyumbani mwao. Walikufa kwa ajali ya ndege bila kukata tikiti.

Msiba huo ulionyesha wazi kwamba kiwanja cha mlimani si mali ya marubani na maofisa peke yao. Ni jirani wa kila mtu. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa kiwanja cha Goma. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 vita vikafika tena mjini. Goma ikatekwa na M23, na kiwanja kikafungwa. Katikati ya Februari kiwanja cha Kavumu, cha Bukavu, kilicho juu zaidi, kwenye meta 1,700, nacho kikatekwa. Majeruhi walijaa hospitalini, na misaada ikalazimika kutafuta njia ya barabara. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Na safari hii nyasi zilikosa hata mlango wa kutokea.

Mchungaji wa zizi

Baada ya kusimulia hayo yote, twaweza kulijibu swali letu. Ndiyo, kiwanja kimoja chaweza kuwatumikia askari na raia. Pisa ni shahidi, na Goma ya mwezi wa Julai 1994 ni shahidi. Lakini mambo matatu hayana budi kushikwa, na historia yetu yaonyesha kila moja limenunuliwa kwa damu.

La kwanza ni alama. Ndege ya raia isibebe askari wa vita, na askari asijifiche nyuma ya abiria. Mnamo tarehe 9 Novemba 2001, ikikaribia kutimia miaka 40 tangu kifo cha Waitalia wale 13, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunga mkono askari wake wapelekwe Kindu tena. Ndege walizotumia miaka hiyo zilipakwa rangi nyeupe, zenye herufi kubwa, ili hata mtoto ajue ni za nani. Rangi si pambo. Ni neno linalosomeka kutoka mbali.

La pili ni uzito. Urefu wa njia, kimo cha mahali na joto la mchana ndivyo viamuavyo mzigo, wala si cheo cha mwenye mzigo. Rubani akisema, "Haiwezekani," asiwepo mwenye bunduki wa kumwambia, "Iwezekane." Tangu mwaka 1972 Kongo ina shirika la serikali la kusimamia viwanja vya ndege, Régie des Voies Aériennes. Shirika kama hilo lafaa kitu ikiwa neno lake lasikiwa na wote, na ikiwa mnara una sauti moja.

La tatu ni nafasi. Mwisho wa njia ya ndege si mahali pa kujenga nyumba wala kupanga soko. Jambo hili latuhusu sisi wenyewe, si wakubwa tu. Pengine mkuu wa mtaa huuza kiwanja cha nyumba hapo. Pengine ni sisi tununuao kwa sababu ni rahisi. Birere yatuonya.

Na msomaji wa Kalima au wa Kindu afanye nini? Yeye haamuru jeshi wala haongozi ndege. Lakini ana macho na ana kinywa. Aweza kukataa kupanda ndege aliyoiona imepakiwa askari na silaha pamoja na watoto. Aweza kukataa kumpa mpakiaji kitu kidogo ili gunia lake lisipimwe, maana gunia hilo moja huongezwa juu ya magunia ya wengine waliofanya vile vile. Aweza kusema katika mkutano wa mtaa kwamba watoto wasichezee njia ya ndege na mbuzi wasichungwe hapo. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yaliyo mikononi mwake.

Wahenga waliposema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, walikuwa wanasema habari za zizi lisilo na mtu. Kindu na Goma yalikuwa hivyo kwa vipindi virefu: wenye nguvu walikuwapo, mchungaji hakuwapo. Na kila mara mchungaji alipokosekana, aliyekanyagwa hakuwa mmoja wa mafahali. Alikuwa ndama.